Maswali ya Wasomaji: Maharage Yanayogoma Kuiva, Dafu Laini na Ukuta wa Seli

Safari hii meseji zenu nyingi zimekuja za jikoni na sokoni, na nikizisoma naona karibu zote zinaangukia sehemu moja, ukuta wa seli ya mmea, hasa zile sukari ndefu zinazoujenga ambazo kitaalamu zinaitwa polisakaraidi. Nimeamua kuzijibu pamoja. Naanza na la mwanafunzi kwa sababu ukilielewa jibu lake mengine yote yanakuwa mepesi.

Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha tano hapa Mbagala. Kwenye notsi tumeandikiwa ukuta wa seli ya mmea ni selulosi, basi, hakuna zaidi. Kaka yangu yupo chuo anasema hiyo ni sehemu ndogo tu ya habari. Alafu swali la pili, wanga ni glukosi na selulosi ni glukosi, mbona wanga tunaumeng'enya na selulosi inatoka kama ilivyoingia? (Mwanafunzi, Mbagala)

Marahaba mwanangu. Kaka yako yuko sahihi, na hii notsi ya "ukuta ni selulosi" inanikera kweli maana mtu anamaliza shule na cheti chake lakini ukimuuliza embe linaivaje hana la kusema. Chukua ukuta wa seli changa ya mchicha au ya jani la maharage, seli ambayo bado inakua, unene wake mara nyingi hata elfu moja ya milimita haufiki na sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Ukikausha hayo maji, selulosi utaikuta kama asilimia 20 mpaka 30 hivi, hemiselulosi karibu kiasi hicho hicho, na pektini, ile gundi inayoshikanisha seli na seli, ndo mara nyingi inaongoza, asilimia 30 mpaka 35, alafu protini kidogo. Na hata kihistoria pektini ndo ilitangulia kujulikana, Henri Braconnot wa Ufaransa aliieleza na kuipa jina mwaka 1825, selulosi ikaja kutambuliwa na Mfaransa mwenzake Anselme Payen mwaka 1838. Kwa hiyo kuiacha pektini nje ya notsi mi siwezi kukubaliana nako.

Swali lako la pili ni zuri sana na jibu lote lipo kwenye namna glukosi zinavyoshikana. Kwenye wanga bondi ni alfa 1-4, glukosi zote zimekaa mkao mmoja na mnyororo unajipinda unajiviringa, maji yanapenya, kimeng'enya cha mate yako kinafika kirahisi kinakata. Kwenye selulosi bondi ni beta 1-4, kila glukosi imegeuzwa nyuzi 180 ukilinganisha na jirani yake, na hilo geuzo moja tu linafanya mnyororo unyooke. Sasa minyororo ikinyooka inalala sambamba inabanana, inashikana kwa bondi za haidrojeni ambazo moja moja ni dhaifu ila zikiwa maelfu huzifungui, na minyororo kama 18 hivi ikikaa pamoja unapata uzi mwembamba wa upana wa kama nanometa 3, ambao ndo msingi wa pamba, mkonge, karatasi na mbao. Kimeng'enya chetu cha wanga kimeumbwa kwa ajili ya alfa, beta hakiiwezi kabisa. Hata ng'ombe mwenyewe hana kimeng'enya hicho, wanaomfanyia kazi ni vijidudu wanaoishi kwenye tumbo lake la kwanza. Shati lako la shule kama ni la pamba litazame kwa karibu, kila unyuzi wa pamba ni seli moja tu iliyorefuka kwenye mbegu mpaka sentimita mbili tatu, na zaidi ya asilimia 90 yake ni selulosi.

Kazi za kila mmoja sasa. Selulosi inahimili nguvu ya kuvutwa na inaamua seli irefuke upande gani, maana nyuzi zikizunguka seli kwa upana basi seli haiwezi kutanuka kwa upana, itakwenda kwa urefu. Hemiselulosi ni minyororo mifupi yenye matawi, inanata kwenye selulosi na kuziunganisha au kuziweka mbalimbali zisigandane ovyo, na hii inatofautiana mmea kwa mmea, kwenye maharage na mchicha ni zailoglukani, kwenye jamii ya nyasi kama mahindi na mpunga ni arabinozailani, kwenye msonobari ni glukomanani. Pektini imejengwa zaidi na asidi ya galakturoniki, inashika maji, inajaza nafasi, na ndo gundi iliyo katikati ya seli na seli. Ina kipande kimoja kidogo kinaitwa ramnogalakturonani ya pili chenye sukari za aina 12 hivi tofauti, na vipande viwili vya hivyo vinaunganishwa na atomu moja ya boroni, ndo maana mmea ukikosa boroni ncha zake zinazokua zinaharibika mapema.

Lignini usije ukaiandika kwenye mtihani kwamba ni polisakaraidi. Ipo kwenye ukuta wa mti mkavu, robo hivi ya uzito, inakaza kila kitu na kuzuia maji, lakini haijatengenezwa na sukari.

Mwalimu habari za kazi. Mimi ni mama lishe Tabata. Maharage ninayonunua siku hizi yanamaliza mkaa, nainjika alfajiri mpaka saa nne bado yana kiini, wateja wanalalamika. Jirani ananiambia weka magadi tu, mwingine anasema shida ni maji ya kisima, mwingine ananiambia nisiweke chumvi mapema. Nimsikilize nani? (Mama lishe, Tabata)

Nzuri dada yangu, pole na mkaa. Hili naomba nilijibu kwa urefu kwa sababu ni hela yako inayoungua.

Chukua harage moja lililoiva vizuri uliweke kwenye ulimi ulibonyeze na kaakaa. Ule ungaunga unaousikia ni seli nzima nzima zilizoachana, kila moja bado imebeba wanga wake ndani. Kwa hiyo harage kuiva maana yake kubwa ni kwamba ile pektini iliyokuwa imezishikilia seli imeyeyuka na seli zimeachana. Harage likigoma, wanga wa ndani unaweza kuwa umeshapikika kabisa ila gundi imekataa kuachia, ukitafuna unasikia kiini.

Kwa nini ikatae? Kalsiamu. Pektini ina sehemu zenye chaji hasi, na kalsiamu ina chaji chanya mbili, inasimama katikati ya minyororo miwili na kuifunga pamoja, magnesiamu nayo inafanya kazi hiyo. Harage lina kalsiamu na magnesiamu yake mwenyewe lakini likiwa jipya sehemu kubwa imefungiwa kwenye kitu kinaitwa faiteti. Sasa maharage yakikaa miezi mingi kwenye stoo yenye joto na unyevu, na Dar unaijua ilivyo, joto la kupita nyuzi 30 na hewa imejaa maji, vimeng'enya vya ndani ya harage vinavunja faiteti, kalsiamu na magnesiamu zinakuwa huru zinatembea mpaka kwenye ile gundi zinaifunga. Haya ndo maelezo yanayokubalika zaidi ya maharage kuwa sugu. Kwa macho harage halina kasoro, linang'aa, na muuzaji anaweza kukuapia ni jipya.

Aliyekwambia maji naye yuko sahihi. Visima vingi vya Dar maji yake ni magumu, yana kalsiamu na magnesiamu, utayajua kwa ukoko mweupe kwenye birika na kwa sabuni inayogoma kutoa povu. Ukipikia maharage maji hayo unaiongezea gundi vifungo wakati unataka ifunguke. Kama unaweza kupata maji ya bomba au ya mvua kwa ajili ya maharage tu, hata kama mengine yote unapikia ya kisima, utaona tofauti.

Magadi yanafanya kazi, tena fasta, sikatai. Ni kaboneti ya sodiamu, inafanya maji yawe ya alkali na pektini kwenye alkali na moto inakatika vipande vipande, na hapo hapo sodiamu inaingia nafasi ya kalsiamu. Lakini yanaua vitamini B1 ambayo ni moja ya faida kubwa za maharage, yakizidi yanaleta ladha ya sabuni, na magadi ya kwetu ya maziwa ya Bonde la Ufa mengi yana floraidi nyingi, hayo meno ya kahawia unayoyaona kwa watu wa kaskazini chanzo ni floraidi, kwenye maji na kwenye magadi pia. Kwa mtu anayelisha watu kila siku mi nisingeyatumia kila siku.

Badala yake tumia chumvi, na hapa ndo simkubali aliyekwambia chumvi inakaza. Chumvi ya mezani ina sodiamu, yenye chaji moja tu, haiwezi kufunga minyororo miwili. Loweka maharage usiku kucha kwenye maji yenye chumvi, vijiko viwili vya chai kwa lita moja, sodiamu inaingia taratibu kwenye ganda na kwenye ukuta inaitoa kalsiamu. Asubuhi mwaga hayo maji (unamwaga na sehemu ya zile sukari zinazojaza watu gesi tumboni), suuza, weka maji mapya, chemsha kwa moto mkali mwanzoni yachemke haswa alafu punguza. Nyanya, ukwaju, ndimu, vyote vya uchachu usitie mpaka maharage yaive, kwa sababu pektini ni ngumu zaidi kukatika kwenye asidi, na hili naliona kwa wapishi wengi sana, wanaunga mapema na nyanya tele alafu wanashangaa yamesimama pale pale.

Na unaponunua, iwe ya njano au kablanketi, usichukue gunia kwa sura. Chukua kilo moja kwanza kapike, yakiiva vizuri ndo urudi. Ukibaki nayo yaweke mahali pakavu penye hewa, mbali na jiko.

Mwalimu, nyama ya dafu unaikwangua na kipande cha ganda inateleza yenyewe, ila nazi lazima mbuzi na nguvu. Si ni tunda lile lile? Na machicha tunayotupa yana kazi gani? (Msomaji, Kigamboni)

Ndugu yangu hili swali nimelipenda kuliko yote.

Maji ya dafu ukiyaangalia kwa hadubini yana viini vya seli vinaelea ndani yake bila ukuta wowote. Dafu linavyokua zinaanza kujengwa kuta kuanzia pembeni kwenye kifuu kuelekea katikati, na kile kitando laini unachokwangua ndo kuta za kwanza. Polisakaraidi kubwa hapo inaitwa manani, mnyororo wa sukari ya manosi, na kwenye ule mnyororo zinaning'inia sukari nyingine za galaktosi. Kwenye dafu changa galaktosi ni nyingi, zinazuia minyororo isibanane, maji yanajaa katikati, nyama inakuwa laini ya kuteleza. Kadiri linavyoelekea kwenye koroma na nazi kamili galaktosi zinapungua, minyororo inabaki mitupu iliyonyooka, inalala pamoja na kukaza, hapo sasa unahitaji mbuzi. Umeona ni sheria ile ile niliyomwambia mwanafunzi wa Mbagala, mnyororo ukinyooka ukikosa matawi unabanana na unakuwa mgumu. Kokwa ya tende nayo ni manani, jaribu kuipasua uone.

Manani ya nazi siyo ukuta tu, ni akiba pia. Nazi ikichipua lile joya linalojaa ndani linavunja nyama taratibu, mafuta na hizo sukari za kwenye kuta, linamlisha mche mpaka uweze kujitegemea. Ukipasua nazi iliyochipua sana utakuta nyama imeliwa imebaki nyembamba.

Machicha basi ni nini? Ukikuna nazi unapasua seli, ukikamua tui unatoa mafuta na maji na protini iliyokuwa ndani, mkononi zinabaki kuta na mafuta yaliyonasa. Kwa lugha ya lishe sehemu kubwa ni makapimlo, yaani nyuzinyuzi za chakula ambazo mwili wetu haumeng'enyi. Kuku wanakula, na yakikaushwa yakasagwa vizuri unaweza kuchanganya kidogo kwenye unga wa mikate au biskuti, usizidishe tu maana yanakausha kinywa.

Makumbi nayo yana habari yake. Kule pwani na visiwani akina mama wanayafukia kwenye tope la bahari miezi kadhaa kabla ya kusokota kamba, na kinachotokea chini ya tope ni kwamba bakteria wanaila pektini na tishu laini, zinabaki nyuzi za selulosi na lignini ambazo hawaziwezi kirahisi. Ukiyapiga baada ya hapo nyuzi zinaachana zenyewe. Hakuna aliyewafundisha kemia lakini mbinu ni sahihi kabisa.

Kaka, nauza mchicha Tandale. Ukinyauka nikiunyunyizia maji unasimama, ukichelewa hausimami tena. Kwa nini? (Muuza mboga, Tandale)

Dada, seli ya mchicha ina utando laini ndani na ukuta nje, sawa na tyubu ndani ya tairi. Maji yakiingia tyubu inajaa inasukuma tairi, na presha yake kwenye jani inaweza kupita hata ya tairi la gari dogo, kinachozuia lisipasuke ni hizo nyuzi za selulosi. Maji yakitoka jua likiwaka presha inashuka, ukuta upo vile vile ila hauna cha kuusukuma, jani linalala. Ukinyunyiza mapema linajaa tena. Ukichelewa utando wenyewe unapasuka na hapo hata umwage ndoo nzima hakuna kitakachoshika maji. Weka kivulini na mashina kwenye maji, siyo kusubiri unyauke ndo unyunyize.

Mwalimu, naleta nyanya kutoka Iringa nashushia Ilala. Matenga ya chini yanafika yamekuwa uji. Kuna mbegu wanasema haziozi, na nimesikia kuna watu walishatengeneza nyanya isiyolainika. Ni kweli? (Mfanyabiashara, Ilala)

Kweli kaka, ila haikwenda kama walivyotarajia. Nyanya inaiva kwa gesi ya etilini inayoitoa yenyewe, gesi hiyo inaamsha vimeng'enya kadhaa vya kushughulikia ukuta. Kimoja kinaondoa vikundi vya methili kwenye pektini, kingine kinaitwa poligalakturonasi kinakata mnyororo, kingine pektati liasi kinakata pia kwa njia nyingine, na vingine vinalegeza hemiselulosi. Mwaka 1994 kule Marekani kampuni ya Calgene ya California iliingiza sokoni nyanya inaitwa Flavr Savr, chakula cha kwanza kizima kilichobadilishwa jeni kuruhusiwa kuuzwa kule, ambayo walizima jeni la poligalakturonasi. Nyanya ikakaa muda mrefu kidogo bila kuoza lakini ulaini ulipungua kidogo tu, na baada ya miaka michache ikatoka sokoni. Fundisho likawa kwamba poligalakturonasi peke yake haifanyi kazi yote. Mwaka 2016 watafiti walizima pektati liasi wakapata nyanya ngumu zaidi bila kuharibu rangi wala ladha, kwa hiyo sasa tunajua kimeng'enya gani kina nguvu zaidi.

Kwako wewe leo, kinachokuua ni uzito na joto. Nyanya ya chini ikipasuka seli zinamwaga vimeng'enya na ukungu unaingia, na nyanya inayooza inatoa etilini inayowaivisha jirani zake. Vuna zikiwa zimeanza tu kugeuka rangi, toa zilizopasuka kabla ya kupakia, tenga lisiwe na kina kirefu, na kama unaweza kubadilisha matenga ya mbao kwa kreti za plastiki zinazosimama moja juu ya nyingine bila kubonyeza basi fanya hivyo, gharama inarudi. Zisafirishe usiku. Na mwambie mkulima wako asimwagilie kwa kurukaruka, maana mmea ukikosa maji kalsiamu haifiki kwenye tunda na unapata ule weusi wa kitako, tunda la hivyo halifiki Dar.

Dokta kaniambia nihamie dona niache sembe kwa sababu ya sukari na choo. Lakini kama pumba haimeng'enywi si napitisha takataka tu tumboni? (Msomaji, Kinondoni)

Hapana mama, tena ningependa hilo neno takataka tuliache kabisa linapokuja suala la pumba.

Pumba ya mahindi ni kuta tupu, arabinozailani na selulosi, zimefungwa pamoja kwa nguvu sana kiasi kwamba hata bakteria wa utumbo mpana wanaiweza kidogo tu. Kazi yake ni kuongeza ujazo wa choo na kushika maji ili kitembee. Lakini polisakaraidi nyingine, pektini ya matunda na mboga, zile za maharage, ule utelezi wa bamia na mlenda ambao nao ni ndugu wa pektini, hizo bakteria wanazipenda, wanazichachusha wanatoa asidi fupi za mafuta, mojawapo inaitwa butireti, na butireti ndo chakula kikuu cha seli zinazotandaza utumbo wako mpana. Kwa hiyo wewe humeng'enyi ila unafuga wanaomeng'enya, na wanakulipa. Huo utelezi pia unachelewesha sukari kuingia kwenye damu, ndo maana ugali wa dona na mlenda ni mlo wa maana sana kwa hali yako kuliko dona na nyama peke yake.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapimlo kwa siku. Panda taratibu, wiki mbili tatu, na kunywa maji, maana ukirukia dona nyingi bila maji choo kitakaza zaidi. Na angalia mahindi yenyewe, hili nalisisitiza, sumukuvu ikiwepo inakaa zaidi kwenye ganda na kiini, sehemu ambazo sembe inaziondoa, kwa hiyo dona isagishe kwa mahindi uliyoyachambua mwenyewe, makavu, yasiyo na ukungu wala punje zilizobadilika rangi. Dawa zako endelea nazo kama dokta alivyopanga, chakula kinasaidia hakichukui nafasi yake.

Nimeanza kutengeneza jamu nyumbani. Ya mapera inaganda safi, ya nanasi inabaki sharubati hata nichemshe vipi. Nakosea wapi? (Msomaji, Mwenge)

Hukosei, nanasi lina pektini kidogo na pera lina nyingi. Pektini ili igande kwenye jamu inataka vitu viwili, sukari ya kutosha, asilimia 60 na zaidi ya uzito wa jamu ikishaiva, ili ivute maji kutoka kwenye minyororo, na uchachu wa pH kama 3 hivi ili zile chaji hasi zitulie minyororo isisukumane. Kuchemsha zaidi hakusaidii, kunakata minyororo na unapoteza hata hiyo kidogo iliyokuwepo.

Fanya hivi. Kwenye nanasi ongeza mapera ambayo hayajaiva sana, kama robo ya uzito wa matunda, au chukua sehemu nyeupe ya ganda la limao au chungwa na kokwa zake, funga kwenye kitambaa safi, chemsha pamoja na tunda kabla ya kuweka sukari, alafu kamua kile kitambaa vizuri ule uteute wote uingie. Kamulia ndimu mbili tatu. Sukari weka mwishoni na moto uwe mkali kwa muda mfupi. Kujua kama tayari, weka tone kwenye sahani iliyokuwa kwenye friji, lisubiri lipoe, lisukume na kidole, likikunjamana juu zima jiko.